Sisimizi wa Bafuni Kwetu

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini Aprili, mwaka 1983, saa tatu asubuhi. Mzigo tulikwisha kuufunga. Mke wangu, Stumai, alikuwa amekaa barazani na kanga yake ya safari, mikono mapajani, anasikiliza barabara. Nasema anasikiliza, maana kuona alikuwa anaona kwa shida. Lori la mihogo kutoka Mbekenyera lilikuwa lipite kijijini kwetu saa nne, litufikishe Ruangwa, na pale tutafute gari la Nachingwea. Daktari wa macho angekuwa Nachingwea Alhamisi na Ijumaa. Alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Ukimkosa Aprili, ungoje Oktoba.

Kabla ya lori walikuja mgambo wanne na majembe. Nyuma yao Saburi, mwenyekiti wetu wa kijiji, na daftari lake kwapani.

"Lukumani, tumekuja kwa kazi ya serikali," akasema. "Sukari iko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya kusalimiana tu, kwa jinsi watu walivyokuwa wakisema sukari, sukari, mwaka ule.

"Sukari gani, Mwenyekiti? Hata chai tunakunywa na chumvi."

"Magunia mawili uliyofukia bafuni. Umesema kwa mdomo wako mwenyewe, dukani, mbele za watu."

Hapo kicheko kikanikauka.

Wakaingia uani, wakaenda moja kwa moja bafuni kwetu. Lilikuwa bafu kama la wenzetu, ua wa mabua na mawe mapana chini. Mstari wa sisimizi ulikuwa unatoka kwenye ukuta wa jikoni, unapita chini ya mabua, unaingia. Mgambo mmoja akauonyesha kwa kidole kama mtu aliyeona nyayo za mnyama. Wakang'oa mawe, wakachimba. Wakachimba mpaka kiunoni. Harufu ilipowazidi wakatoka mmoja mmoja, wamefunika pua. Sukari hawakuipata. Lakini Saburi alikwisha kuandika jina langu kwenye daftari, na mtu akishaandikwa pale hafutwi kwa kukosekana magunia.

"Utakaa ghalani mpaka bwana mkubwa aje kutoka Ruangwa akuhoji," akasema.

"Mwenyekiti, mke wangu anakwenda kwa daktari. Lori lile pale linakuja. Nipeleke wiki ijayo, nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu."

"Aende yeye. Hakuna aliyemkamata."

"Ataendaje peke yake mtu asiyeona njia?"

Saburi akamtazama Stumai. Stumai akamtazama Saburi, lakini macho yake yalikuwa pembeni kidogo ya uso wa yule bwana, kama anaongea na mtu aliyesimama begani kwake.

"Mwanangu Saburi," akamwambia, "mimi nilikupokea mama yako alipokuzaa. Leo umekuja kuchimba mkojo wangu."

Wale vijana wa mgambo wakatazama chini. Saburi akafunga daftari. Lori likaja, likapiga honi mara mbili, likaondoka bila sisi.

Sasa nieleze ya magunia, maana hapo ndipo watu hunikata maneno.

Mwaka ule nchi haikuwa na kitu. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, sukari ilikuja dukani mara moja kwa miezi, ikagawiwa kwa kikombe, na wakubwa wakapita kwanza. Redio ikawa inatangaza wahujumu: fulani kakutwa na mabati chini ya kitanda, fulani kafukia vitenge shambani. Kila kijiji kikataka na chenyewe kipate mhujumu wake, kisionekane kimelala.

Na kwetu, kwa karibu miaka miwili, palikuwa na sisimizi. Stumai alikuwa anakunywa maji mengi. Mtungi niliokuwa naujaza kwa siku mbili ukawa hautoshi siku moja. Akinywa, anakwenda bafuni. Akitoka, sisimizi wanaingia. Mimi niliona hilo mapema sana. Nilikuwa nachukua majivu jikoni namwaga pale kabla majirani hawajaamka, kwa sababu niliogopa watasema mke wangu amerogwa, au ni yeye anayeroga. Ladislaus, mganga wa zahanati yetu, mtu wa Songea, aliwahi kuniuliza, "Mzee, zaidi ya macho, kuna kingine chochote?" Nikasema hakuna. Jambo la mkojo wa mkeo utalisemaje mbele ya kijana?

Majivu hayakuwazuia. Watu wakajua, na Bwanali akajua.

Bwanali ni mtani wangu. Yeye Myao, mimi Mmwera, na kwa desturi yetu mtani akikutukana mbele za watu huwezi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Unamrudishia lingine kubwa zaidi. Siku ya foleni ya sukari, Machi ile, watu sitini tumepanga mstari na vikombe vyetu, Bwanali akapaza sauti:

"Jamani, sisi tunahangaika hapa na vikombe, Lukumani ana kiwanda nyumbani! Mkewe anakojoa sukari, sisimizi wote wa tarafa hii wamehamia kwake!"

Watu wakaangua kicheko. Stumai mwenyewe alikuwepo, akacheka akaziba mdomo kwa kanga. Na mimi nikamjibu kama desturi inavyotaka:

"Kumbe hujui? Magunia mawili nimefukia bafuni. Njoo na kikombe chako, mtani, lakini uje umenawa uso, sisimizi wangu hawapendi Wayao wachafu."

Kicheko kikazidi. Ndivyo tunavyoishi sisi. Baba zetu waliambiana makubwa kuliko hayo na wakazikana vizuri. Lakini maneno yale yalitoka kwenye foleni yakafika ofisini, na ofisini hakuna utani. Kule kila neno linaandikwa, na likishaandikwa halicheki tena. Saburi ni Mmwera kama mimi, anaujua utani tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Alijua. Ila alitaka jina la kupeleka Ruangwa.

Na macho nayo yalikuwa na historia yake. Stumai alikuwa na sifa kijiji kizima kwa kupeta ufuta. Ufuta ukiwa na mchanga karani wa kununua mazao anaukataa, na mchanga wa kwetu unafanana na ufuta kama ndugu wa tumbo moja. Yeye alikuwa akishika ungo, anapeta mara tatu, anauinamia, anatoa chembe moja moja kwa ncha ya kidole. Wanawake walikuwa wanamletea wa kwao. Msimu wa 1981 gunia letu likarudishwa. Karani alimwaga kiganja mezani, akapuliza, ukabaki mchanga.  Tulipofika nyumbani Stumai akaniambia, "Baba Zena, naona ungo, lakini ufuta siuoni. Naona kama rangi tu."

Ladislaus alimpa dawa ya kupaka, ya mrija. Akapaka mwaka mzima. Nilimwuliza Ladislaus kwa nini dawa haifanyi kazi, akasema zahanati ina dawa moja tu ya macho, na ndiyo hiyo. Wakubwa walituma mrija wa aina moja kwa macho yote ya kusini.

Nilikaa ghalani siku tisa. Bwana mkubwa wa Ruangwa alikuwa hana dizeli. Ghala lilikuwa tupu, halina hata panya, maana panya nao wanafuata chakula. Stumai aliniletea ugali kila siku, akitembea ameshika ukuta wa duka, kisha ukuta wa ofisi, kisha anahesabu hatua mpaka mlangoni kwangu. Nilimsikia anahesabu. Binti yetu Zena alikuwa kaolewa Mkotokuyana, upande wa Nachingwea, mbali na sisi, hakuwa na habari.

Siku ya nne nikaona midomo yake imepasuka.

"Mama Zena, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona midomo imekuwa kama ya mfungo?"

Akaweka sahani chini, akaondoka akihesabu hatua. Ndipo mgambo wa zamu, kijana mwema kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini alipokwisha kwenda. Saburi alimwambia Stumai hivi: tukiwaona sisimizi wale tena, tutajua sukari mmeihamisha tu, na mumeo hatatoka. Basi mke wangu akaacha kunywa maji. Mtu aliyekuwa anamaliza mtungi kwa siku alikuwa analowesha ulimi tu, asubuhi na jioni, asipate haja, sisimizi wasije. Na haja ikimshinda, alikuwa anakwenda porini, yeye na macho yale, anapapasa miti.

Siku ya tisa bwana mkubwa akaja kwa baiskeli, amevuja jasho, amekasirika na safari. Akaniuliza sukari iko wapi. Nikamwambia haipo, ulikuwa utani. Akamwuliza Bwanali, Bwanali akasema, "Mzee, huyu ni mtani wangu, angeniambia ana ndege ya Ulaya bafuni mngechimba?" Yule bwana akacheka kidogo, akataka maji ya kunywa, akapanda baiskeli akaondoka. Hakuna aliyesema samahani. Mawe ya bafu niliyarudisha mwenyewe.

Nilimwambia Stumai, kunywa sasa, nimetoka. Akanywa. Lakini ile hofu ilimkaa. Ilikuwa akiona, au akihisi, sisimizi mguuni, anaweka kata ya maji chini.

Mwezi wa sita alianza kuniambia anaona nyuzi nyeusi. Zinaelea, akigeuza jicho nazo zinageuka, kama masizi yanayoning'inia kwenye dari ya jikoni. Asubuhi moja akaamka jicho la kulia halina kitu. "Mtu kamwaga wino," akasema. Hakulia. Akaniomba nimwekee ungo karibu, akawa anashika ufuta kwa vidole, anaupeleka kwenye ulimi ili ajue upi ufuta, upi mchanga. Miguu nayo ilianza kuvimba. Tukasema ni kukaa sana.

Oktoba tukaenda Nachingwea. Safari hii hakuna aliyetuzuia. Tulilala kwa Zena, asubuhi tukapanga foleni nje ya ukumbi walikofungua kambi ya macho. Watu walikuwa wengi, mpaka wa kutoka Chinongwe. Daktari aliitwa Ernest, mtu wa kaskazini, mrefu, ana sauti ya chini. Alimwangalia Stumai kwa kijitochi muda mrefu, akisogea mpaka nyusi zao zinakaribia kugusana. Nikaona amebadilika. Akaacha jicho, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka shimo likabaki.

"Bibi anakunywa maji sana?" akaniuliza.

Nikatazama watu waliokaa kwenye benchi.

"Mzee, nauliza."

"Alikuwa anakunywa sana," nikasema. "Na sisimizi walikuwa wanakuja."

"Sisimizi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na ghala, na majembe. Watu kwenye benchi walikuwa wanasikiliza, sikujali tena. Daktari Ernest alivua miwani akaifuta, akairudisha, akaivua tena.

Wakachukua mkojo, wakauchemsha na dawa ya rangi ya buluu kwenye kichupa chembamba cha kioo. Ile buluu ikageuka kijani, ikageuka njano, ikaja kuwa nyekundu kama tofali. Kisha wakachemsha mwingine bila dawa, ukaganda vipande vyeupe kama ute wa yai uliopikwa.

"Huu mwekundu ni sukari," akaniambia. "Huu mweupe ni figo zinavuja. Mishipa ya nyuma ya jicho na mishipa ya figo ni midogo sana, ni ya namna moja, na sukari inaiharibu kwa namna moja. Mimi siwezi kuziona figo za bibi. Lakini jicho naliona. Nikikuta mishipa imepasuka huku, damu imemwagika, najua na kule hali si nzuri."

Stumai akauliza, "Mwanangu, nitaona tena?"

"La kulia hapana, mama. La kushoto lina mwanga bado. Kuna mashine ya kuunguza mishipa hii kwa mwanga, isipasuke. Ipo nchi za watu. Hapa hatuna."

"Na mimi sina ndege," Stumai akasema. "Mume wangu anayo bafuni, lakini walishaichimba."

Benchi zima likacheka, na daktari akacheka, na macho yake yakawa yamelowa.

Mimi nikamwuliza, "Tungekuja Aprili?"

"Aprili ningekuta matone, si bwawa. Ningejua sukari miezi sita mapema. Na kukaa bila maji kwa mtu wa figo kama hizi…"  Akachukua karatasi, akaandika.

Karatasi ile ninayo. Imeandikwa: insulini, kila siku asubuhi, mistari ishirini. Chini yake sahihi. Daktari alinionyesha mwenyewe bomba la sindano, la kioo, namna ya kulichemsha, namna ya kuvuta mpaka mstari wa ishirini, namna ya kutoa hewa. Stumai hakuweza kuiona mistari. Kwa hiyo kazi ikawa yangu. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini ishirini naijua.

"Na usiache kuchoma," daktari akaniambia. "Wengi wanaacha wakijisikia nafuu."

"Sitaacha," nikasema. Na sikuacha.

Chupa za dawa zilikuwa zinakuja kwa Ladislaus kila mwezi, nami naziweka ndani ya mtungi wa maji, pa baridi. Ladislaus alinipa kichupa chembamba na dawa ya buluu, nikawa napima mwenyewe juu ya kibatari. Stumai anakaa karibu, anasikiliza maji yanavyotokota, anauliza:

"Leo rangi gani?"

"Tofali."

Siku nyingine, "Leo?"

"Embe lililoiva."

"Bolibo au dodo?"

"Dodo. Njano iliyokolea."

"Basi tunaendelea vizuri. Mwezi ujao utaniambia jani."

Na kweli, mwezi wa kwanza wa 1984 ikawa jani. Mwezi wa pili ikaanza kuwa buluu. Unachemsha, unangoja, buluu inabaki buluu kama ilivyotoka kwenye chupa. Nilipomwambia mara ya kwanza aliniomba nimpe kile kichupa akishike. Akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, mbele ya jicho la kushoto. Sijui aliona nini. Akasema, "Ni buluu kweli."

Na sisimizi wakaondoka. Siku ya kwanza sikuamini. Nilikaa bafuni nimechuchumaa, mtu mzima na ndevu zangu, natafuta sisimizi. Hakuna hata mmoja. Nikampigia kelele Bwanali apite aone. Akaja, akainama, akasema, "Mtani, wamepata uhamisho. Wamepelekwa mkoa mwingine." Nilikwenda mpaka zahanati kumwambia Ladislaus, naye akafurahi, akanishika mkono. Sisi wote tulifurahi. Nataka hilo lijulikane. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba tunafurahia kitu kibaya.

Stumai hakuwa anapata nafuu. Alikuwa na kichefuchefu, chakula hakitaki, uso umevimba asubuhi. Wakati mwingine saa nne hivi alikuwa anatetemeka na kutoka jasho, nikampa kipande cha muwa au ndizi, anatulia. Ladislaus akasema labda ni malaria. Tukampa klorokwini. Na kila asubuhi mimi nachoma, ishirini.

Jumapili ya tarehe kumi na moja Machi alitapika uji wote. Nikamfuta. Nikavuta dawa. Akasikia nimeshika bomba, akaniambia, "Baba Zena, leo tuache. Tumbo halina kitu."

Nikamwambia, "Daktari kasema tusiache."

"Haya," akasema, akanipa mkono.

Asubuhi ileile palikuwa na kazi ya shamba la kijiji. Asiyekwenda anaitwa ofisini, na mimi ofisini nilikwisha kuitwa. Nikaenda kupalilia ufuta wa watu ambao hatujui wanaupeleka wapi. Nilirudi saa saba. Stumai alikuwa mkekani, kanga imelowa kama amenyeshewa, mwili wa baridi, meno yameumana. Nikamwita, hakuitika.

Ladislaus alikuja mbio. Akamfungua jicho, akanusa mdomo wake, akaniuliza, "Amekula?" Nikasema alitapika. "Na dawa ulimchoma?" Nikasema nilimchoma. Ladislaus akashika kichwa.

"Sukari!" akapiga kelele. "Mimi sina dripu ya sukari! Leteni sukari, hata kijiko! Jamani, sukari!"

Watu wakatawanyika. Nilisikia wanaulizana nyumba kwa nyumba, sauti zinakwenda mpaka mwisho wa kijiji zinarudi. Hakuna. Kwa Bwanali hakuna. Dukani hakuna tangu Januari. Mtu mmoja akaleta muwa, mtu akaleta asali ya nyuki wadogo kwenye jani, kidogo sana. Ladislaus akaipaka kwenye ufizi.

Ndipo akaja Saburi. Alikuwa anakimbia, hana kofia, amekumbatia debe. Debe zima lenye mfuniko. Akalipiga chini mbele ya Ladislaus, mfuniko ukaruka, na mle ndani ilikuwa sukari nyeupe, imejaa, haijachotwa hata ncha ya kidole. Watu wote waliokuwa uani kwangu wakaitazama.  Saburi hakumtazama mtu. Akapiga magoti akachota kwa kiganja, akakoroga kwenye kikombe cha maji mwenyewe, sukari inamwagika kwenye mkeka.

Ladislaus akawa anadondosha tone moja moja ndani ya shavu la Stumai. Tulikaa hivyo mpaka alasiri. Kuna wakati kope zake zilicheza, nikadhani anarudi. Hakurudi.

Nilipoinuka kuwapisha wanawake, niliona kwenye mkeka, pale sukari ilipomwagika, sisimizi wamekuja.

Mazikoni desturi yetu inataka mtani afanye vituko. Ajilaze kaburini, adai marehemu ana deni lake la kuku, achekeshe watu mpaka walio na msiba wapate kupumua. Bwanali alisimama ukingoni, akafungua mdomo. Watu wakamngoja. Akafunga mdomo, akachukua jembe, akaanza kufukia.

Debe la Saburi hakuna aliyeliuliza, si Ruangwa, si ofisi yoyote. Mimi nimemlaumu mtu huyu miaka yote hii na nitamlaumu. Alinizuia Aprili, alimkausha mke wangu kwa kiu, na kumbe aliyekuwa na sukari ni yeye. Lakini pia alijua watu watamwona, na akaja nalo mbio. Nikifika hapo huwa nakwama. Ningependa mtu niliyemkasirikia awe mbaya kila siku.

Aprili hiyohiyo nilikwenda Nachingwea peke yangu. Nilipanga foleni na wagonjwa wa macho, mimi macho yangu mazima. Daktari Ernest alinikumbuka. Nikamwekea karatasi mezani, nikamweleza rangi zote, tofali mpaka buluu, na sisimizi walivyoondoka.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema figo zikishachoka sana hazitoi ile dawa mwilini. Sindano ya jana inakutana na ya leo, dawa inakuwa nyingi. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji kidogo, na kidogo zaidi, na watu wanaona sukari imeshuka wanadhani anapona. Akasema alikuwa amepanga kumwona Stumai tena Aprili hii, apunguze.

"Lakini hukuandika hapa," nikamwambia.

"Sikuandika."

"Uliniambia nisiache."

"Nilikuambia."

Nikamwambia basi anijibu moja tu, niende zangu. Nikamwambia kwamba asubuhi ile Stumai aliniambia leo tuache, nami nilikuwa na bomba mkononi, limejaa mpaka mstari wa ishirini, sawasawa na karatasi yake. Daktari akaikunja karatasi, akaikunjua, akanirudishia. Nje mwuguzi alikuwa anaita jina la mtu mwingine. Ladislaus nimemwuliza, naye huwa anaanza kunieleza habari za figo. Zena nimeshindwa kumwuliza.

Ningemsikiliza siku ile moja, Stumai angekufa?